Mtamba Mwekundu Hacheui

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi, zizi ni tope tupu, na mimi nina hasira tangu asubuhi. Nimekaa kwenye kigoda hapa zizini nabonyeza simu kwa kidole kimoja. Shule niliiacha mapema nikaenda kuchunga, lakini ng'ombe nawasoma kuliko wengi hapa Matongo.

Leo wakwe wametoka Busawe kuja kuchagua ng'ombe wa mahari. Mwanangu wa mwisho, Mwita, anataka kumwoa Bhoke wa kwao. Kwetu baba wa binti haridhiki kwa kuambiwa. Anaingia zizini mwenyewe, anamshika mnyama kwa mkono wake, na anayemkataa anabaki.

Mimi nilitaka waingie wabaki midomo wazi. Kwa hiyo wiki chache nyuma nikaanza kumshindilia pumba za mahindi mtamba wangu mwekundu, yule wa kuongoza kundi. Asubuhi pumba, mchana pumba, jioni pumba na machicha ya pombe juu yake. Ubavu ukajaa. Nani hapa amewahi kunenepesha ng'ombe haraka hivyo? Hayupo.

Halafu akaacha kucheua. Akasimama tu, mavi kama uji wa kijivu, yananuka uchachu.

Nikamwita yule binti wa mifugo, afisa ambaye serikali ilimleta kutoka Mbeya. Akaniamkia vizuri, akaweka sikio ubavuni mwa mtamba, akasema pumba zimezidi, zinachacha tumboni na kuwa asidi. Nipunguze pumba. Nimpe nyasi ndefu kwanza. Kwenye pumba kidogo zitakazobaki nichanganye soda nyeupe ya unga, ile ya dukani, inapoza ukali wa asidi. Tena ati ng'ombe ana soda yake kwenye mate, akicheua anajitibu mwenyewe.

Nimefuga tangu huyo binti hajazaliwa. Lakini soda nilinunua.

Mke wangu Gati aliponikuta nachanganya alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. "Baba Mwita, hiyo si ya mandazi? Akiumuka uniambie nipashe mafuta."

Acha acheke. Soda ilifanya kazi, mtamba akacheua tena.

Basi nikajiambia, kama dawa ipo, chakula napunguza cha nini? Nikaongeza soda, nikaongeza na pumba. Nyasi sikumpa. Nyasi hazinenepeshi upesi, na wakwe walikuwa njiani.

Hilo sijamwambia mtu.

Leo baba yake Bhoke ameingia zizini, hata pembe hakuziangalia. Amekwenda moja kwa moja kwenye mavi, akayachokoa kwa fimbo, akainama akanusa. Kisha akasimama karibu na mtamba akasubiri. Sote tukasubiri. Taya halikucheza.

"Mkwe, huyu amenona kwa wiki," akasema polepole. "Mimi natafuta aliyenona kwa miaka."

Nikamwambia ni mvua, ng'ombe hapendi tope. Hakubishana. Akasema na wale wengine hatawagusa leo, maana hajui nimewafanyia nini. Atarudi siku mtamba akicheua. Wakala ugali wetu, wakashukuru, wakaondoka. Afadhali wangenitukana.

Mwita amewasindikiza hadi barabarani. Amerudi, amepita moja kwa moja kwa mama yake.

Lakini kinachonichoma zaidi ni simu. Nilimpigia yule binti wa mifugo, nikaongea kwa sauti ya chini Gati asisikie. Hakunicheka. Ameuliza tu, "Babu, nyasi ulimpa?" Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Halafu nikapiga tena.

Amesema nisimpe pumba hata kiganja, nimwekee nyasi na maji, kesho akitoka kanisani atapita. Soda nayo nisiiguse mpaka amwone, maana haikuwekwa duniani ili mtu alishe hovyo. Ameniambia hivyo mimi, mzee mzima, nami nimejibu ndiyo.

Nyasi nimezikata mwenyewe kando ya shamba, mgongo unalia. Mtamba anazinusa tu. Namwangalia taya kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Tafuna, mama. Tafuna hata kidogo.

Mwita amesimama mlangoni kwa mama yake, anatuangalia mimi na ng'ombe. Nikigeuka, nitamwambia nini?