Kopo Nililofunga Ukweni

Shangazi Ghati, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari langu kwenye maegesho ya kazini hapa Herndon, huku ughaibuni, kwa sababu ofisini nimeshindwa kukaa, na sina mtu mwingine wa kumwambia ambaye hatamwambia mtu ninayemfahamu. Najua utasoma haya redioni, kwa hiyo nakuomba ubadilishe majina yetu yote, na kama unaweza ubadilishe na rangi ya gari.

Niite Elisante. Nina mchumba, tumwite Edah, anaishi na wazazi wake Upper Marlboro, na baba yake, mzee Zefania, ana gari la turbo analolipenda kupita kiasi. Mwaka jana gereji walimsafishia valvu zilizokuwa zimejaa masizi ya oili wakamwambia yatarudi tu, maana injini za aina ile ndivyo zilivyo, na Jumapili moja baada ya ibada akawa analalamika mbele ya wenzake kwamba asubuhi gari limeanza tena kusita. Mimi si fundi, shangazi, kazi yangu ni kompyuta, lakini gari langu nalo ni la turbo na niliwahi kulifungia kopo la kudakia oili kwa kuangalia video, kwa hiyo nikajikuta nimeropoka, nikasema baba, dawa yake naijua, nitakuja kukufungia mwenyewe.

Kopo lenyewe ni kitu kidogo, kama la maziwa ya mtoto. Injini inapumua, na pumzi yake ina mvuke wa oili ambao unarudishwa kwenye njia ya hewa na kugandia juu ya valvu, sasa wewe unakata ule mpira wa kupumulia, unaweka kopo katikati, oili inabaki humo na hewa inaendelea na safari. Nililifunga Jumamosi moja uani kwao, mzee akinishikia tochi mchana kweupe, mama akatuletea chai na chapati, Edah amekaa kwenye ngazi anacheka kila nikidondosha spana. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nije nchi hii. Nilipomaliza mzee akawasha gari, akasikiliza, akanipiga bega akasema, huyu kijana ana mikono.

Kosa langu ni lililofuata. Mzee aliniuliza, hili kopo likijaa nafanyaje, nami nikamwambia baba usiguse, kuna namna yake ya kumwaga, nitakuwa nakuja mwenyewe. Shangazi, hakuna namna yake. Chini kuna kikoki, unakifungua, oili inatoka, unakifunga, hata mama angeweza akiwa na kanga yake kiunoni. Nilisema hivyo ili nipate sababu ya kwenda pale kila baada ya wiki mbili, na kweli nilikwenda, nikawa namwaga, nakaa, nakula, natazama mpira na mzee, mpaka wakanizoea.

Basi nikaona wakati umefika, nikatuma barua ya posa kupitia mshenga wangu, mzee Gregori, ambaye ni mtu wa mambo ya zamani hasa, na siku hiyohiyo akaniambia, kuanzia sasa mguu wako usionekane pale wala simu yako isiite kwa mzee mpaka wao waite, kijana anayeposa hazururi ukweni. Nikadhani ni wiki moja. Lakini mzee Zefania akasema lazima kwanza azungumze na ndugu zake walioko Singida, na kaka yake mkubwa alikuwa amelazwa, wakasubiri apone, na hapo katikati baridi ikaingia.

Sasa ndiyo ujue kinachoninyima usingizi. Wakati wa baridi kopo lile haliingii oili tu, linaingia na maji yanayotokana na injini yenyewe, vinachanganyika vinakuwa uji mweupe, na uji ule ukiganda njia inaziba, injini inakosa pa kupumulia, presha inatafuta pa kutokea, inasukuma oili ipenye kwenye sili, zile raba za kuizuia isitoke, na oili ikidondokea kwenye turbo ambayo inakuwa ya moto vibaya sana, moshi, na Mungu apishe mbali, hata moto. Gari langu linalala ndani ya jengo, nami kopo langu nimeliweka nyuma karibu na injini penye joto. La mzee nililiweka mbele kabisa, panapopigwa na upepo, kwa sababu ndipo palipoonekana vizuri ukifungua boneti, na mzee alitaka kuwaonyesha wenzake. Nalo linalala nje.

Wiki iliyopita Edah aliniambia gari la baba linanuka oili ya kuungua. Siku mbili baadaye akaniambia baba amekuta kile kijiti cha kupimia oili kimechomoka chenyewe, akakirudisha. Nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kama wamelipeleka gereji, akasema mama alitaka lipelekwe lakini baba amekataa, amesema tusubiri kijana wetu aje, alituambia tusiguse. Nilikata simu.

Nilimpigia mzee Gregori nikamweleza yote. Akaniambia, kwa hiyo mimi niende pale na shuka begani nikaseme kijana anayeomba binti yenu ameharibu gari lenu? Subiri wajibu kwanza, hayo mengine mtayamaliza mkiwa ndugu. Jumapili nikafikiria niende wakiwa kanisani, maana siku hizi wanachukuliwa na gari la kanisa, nikaendesha barabara ya Beltway yote mpaka kwao, nikasimama kwenye kona ya mtaa na mfuko wa spana mapajani, lakini pale mlangoni wana kamera, nikajiona kwenye simu ya mzee nimeinama kwenye boneti lake bila ruhusa wakati posa iko mezani, na jirani naye alishatoka anitazame, nikageuza nikarudi. Kumtuma Edah naogopa, kwa sababu ataona kikoki kinavyofunguka kirahisi na atajua nilimdanganya baba yake, naye hamfichi baba yake jambo lolote.

Wanasema kesho Alhamisi inaingia baridi kali kuliko zote za mwaka huu. Nimejipa moyo kwamba siku hiyo mzee hayuko kazini, Edah ndiye huwa analichukua gari baada ya chakula cha mchana kwenda mjini Shaw kwenye darasa lake, kwa hiyo angalau mzee mwenyewe atakuwa nyumbani. Lakini Ijumaa je?

Shangazi, mimi nampenda huyu binti na nikimkosa sijui nitafanya nini. Nisubiri wajibu posa ndipo niseme? Nitafute mshenga mwingine apeleke habari ya gari? Au ninyamaze, labda baridi haitafika, labda kopo halijajaa sana? Nikisema watanikataa, nisiposema sijui. Naomba unijibu upesi.

Mwenye wasiwasi, Herndon

*

Marahaba, Elisante wa kuitwa.

Majina nimebadilisha, na rangi ya gari sikuwahi kuijua. Barua yako nimeifungua asubuhi hii, Alhamisi, nikiwa nimesimama jikoni na uji wangu, na uji umepoa. Nakutumia jibu kwenye simu yako sasa hivi. Hewani nitalisoma jioni pamoja na barua yako, kwa sababu wapo vijana wengine kama wewe wanaopaswa kusikia, na mzee wa Upper Marlboro mwenye redio jikoni na kopo kwenye gari hatahitaji kuambiwa jina. Ni afadhali asikie kutoka kwako kabla hajasikia kutoka kwangu. Ndiyo, ninakubana, tena kwa makusudi.

Uoga wako nauelewa. Ukweni kunatisha, hata mimi nilipoletwa kwa wakwe zangu wa kule Tarime nilikaa siku nzima sijui niweke wapi mikono. Na kutaka kukaa sebuleni kwa watu, kula chapati zao na kuitwa kijana wetu, ukiwa mbali na kwenu, si dhambi. Ungeomba tu. Ungesema baba, naomba niwe nakuja kuwasalimia, wangekukaribisha, maana walishakupenda siku ile uani. Wewe ukaona uwafungie kisingizio kwenye injini. Mzee alikuuliza swali la mtu mzima kuhusu mali yake, ukamjibu usiguse, na tazama anavyokutii: gari linanuka, kijiti kinaruka, mke wake anasema lipelekwe gereji, yeye anasema kijana alituambia tusiguse. Huyo ndiye mtu unayeogopa atakukataa.

Sasa habari ya mshenga. Mshenga anabeba maneno ya posa, na gari halijaposwa. Mzee Gregori ni mtu mwema, nami sitaki umvunjie heshima, lakini hapa amekosea, na utamwambia ukishatoka Upper Marlboro, siyo kabla, asije akakushika shati. Mila hizohizo anazozilinda hazimzuii mtu kukimbilia ukweni kukiwa na ugonjwa au moto. Wewe unakwenda kabla ya moto, na hiyo ni heshima kubwa zaidi. Kutafuta mshenga wa pili wa kopo usinifanye nicheke, nina kazi ya kufanya.

Ukifika, piga hodi mlangoni mbele ya hiyo kamera, usikae kwenye kona kama mwizi wa betri. Amkia. Usikubali chai kwanza, maana ukishakalishwa utaanza kuzunguka. Sema ukiwa umesimama: baba, nilikudanganya kuhusu lile kopo, linamwagwa kirahisi, nilitaka nipate sababu ya kuja hapa, sasa nadhani limeziba na gari si salama. Basi. Usiongeze Singida, usiongeze baridi, usiongeze video. Atakachosema ni chake, nawe kipokee. Akinyamaza, nyamaza naye.

Gari lenyewe usiliguse kwa spana zako. Uliniambia mwenyewe wewe si fundi, na mimi nimekuamini. Livutwe mpaka gereji, fundi aondoe kopo, arudishe mpira wa mwanzo, aangalie sili na aone kama kuna oili iliyofika kwenye turbo. Wewe ndiye utakayempeleka mzee kazini na kumrudisha mpaka gari litoke, Herndon ni mbali, najua, utaamka mapema. Hapo utapata hiyo nafasi ya kukaa naye uliyoitafuta kwa uongo, na safari hii atakuwa anakujua. Baridi ikiisha, kama bado anataka kopo, lifungwe nyuma penye joto, na kikoki umfundishe kukifungua yeye na mama pia. Watajibu posa wanavyotaka kujibu. Hilo si langu wala si lako.

Nimebakiza jambo moja, nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonipozea uji. Barua nzima unaniuliza kama utampata Edah au utamkosa. Umeandika neno moto kwa mkono wako mwenyewe. Halafu ukaandika, ukijipa moyo, kwamba leo mzee atakuwa salama nyumbani kwa sababu gari atalichukua Edah. Rudi uisome sentensi hiyo. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea mimi.

Leo ndiyo Alhamisi, mwanangu. Mzee atasubiri, Gregori atasubiri, hata mimi nitasubiri. Wa kwanza kupigiwa ni Edah, sasa hivi, kabla hujavaa koti. Kipindi changu kinaanza jioni, na kabla sijaingia hewani nataka nione neno lako moja tu kwenye simu yangu: hajaliwasha.

Shangazi Ghati