Bendera Ilibakia Kijani

Jumatatu, 10 Agosti
Bendera kijani, kama kila asubuyi. Bakapiteni ya bandari, mbele ya kuwasha moteur ya mashua, banafungua kwanza ukurasa wangu ku simu. Kijani, endeni. Nyekundu, mupepo mubaya, bakieni. Kutoka Kashikishi mpaka Pweto hakuna mutu anajua kazi hii kama mie. Shule niliacha kadogo, ndiyo. Lakini siku moja mamba alinikamata muguu, nikamwambia angojee nimalize mustari wa JavaScript, luga ya kompyuta. Akangojea.

Leo nimeongeza ku ukurasa picha zangu nikibeba samaki mukubwa, zinapita zenyewe. Kwa hiyo nilichukua maktaba ingine, ni kusema maandishi ya kompyuta yenye batu bengine balitayarisha, nikaibandika chini ya ile ya zamani yenye kugeuza bendera.

Jumanne, 11 Agosti
Picha zimependwa. Kapiteni Kabwe, mwenye kuniita mujomba, aliuliza: «Bayama, hapa samaki ni gani, tumbo ni gani?» Batu bakacheka. Nikacheka pia, kidogo.

Muke wangu, Mama Mutale, anafunga mifuko ya chisense, tusamaki tudogo tukavu. Kesho anavuka ziwa na Kabwe, kuuza Kilwa, ngambo ya Congo.

Jumatano, 12 Agosti
Mama Mutale alitoka mapema. Nyuma yake ujumbe wa mupepo mubaya ukaingia ku simu, kutoka kwa batu ba hali ya hewa. Nikabonyeza nyekundu, nikaenda kuoga. Nilijua atarudi na mifuko yake.

Hakurudi.

Mabati ya nyumba yakaanza kulia. Nikafungua ukurasa. Bendera kijani. Sura yangu inapita, inacheka.

Naogopa. Simu yake haiingie.

Maktaba mbili zinataka jina moja, ile alama ya dola. Ya mupya imenyanganya. Bendera inaita, hakuna mwenye kuitika. Nikageuza, ya mupya juu, ya zamani chini. Nyekundu. Lakini picha zikakufa, na mie nikarudisha kama mbele, juu ya kuziokoa. Muke iko ku mayi, mie naokoa sura yangu.

Mwisho nikaandika mustari moja: ya mupya iachilie dola, itumie jina lake. Nyekundu, na picha zinatembea. Mashua mbili zilizobakia zikashusha mizigo.

Ya Kabwe ilikuwa imekwisha kwenda.

Alhamisi, 13 Agosti
Hakuna habari. Mupepo haupumue. Bandarini baliniuliza kama jana niliweka nyekundu. Nikajibu niliweka. Ni kweli. Ni uongo pia.

Nimetoa picha zote. Nshima, ugali wetu, imelala ku sahani.

Ijumaa, 14 Agosti
Simu. Namba ya Congo. Ikalia mpaka karibu kukatika, ndipo nikaitika.

Ni yeye. Mawimbi yalibeba mifuko yote, Kabwe akaingiza mashua ndani ya matete, bakalala mule. Batu bote bazima.

Akauliza, akiniita baba ya Mutale kama siku zote: «Bashi Mutale, bendera ilikuwa kijani juu ya nini?»

Nikasema: «Ni mie.»

Nilisikia mupepo wa kwao ndani ya simu. Kisha akauliza kama nimekula.

Jumapili, 16 Agosti
Muke wangu amerudi na mashua ya Kabwe. Mikono imekatwa na matete. Nikamupakaa mafuta.

Nyuma ya misa banaume balinizunguka, banataka nibape hadisi ya mawimbi, kama ile ya mamba. Nikabaambia sikukuwako.

Leo mayi imetulia. Nilibonyeza kijani, nikatembea mpaka bandarini, nikaomba Kabwe simu yake. Nikaangalia bendera na macho yangu. Kijani. Nikamurudishia.

Akawasha moteur. Nikabakia pale mpaka sauti ikapotea.