Rufaa ya Yohana Imechelewa

Msangano, Jumatano

Nina miaka themanini na moja. Nimezika ndugu zangu wote, na njaa mbili kubwa nimeziacha njiani. Leo nimeshindwa na kuchelewa.

Mahakama Kuu imeitupa nje rufaa ya mwanangu Yohana. Mwanasheria wetu, binti mdogo tu, akaniambia pale nje, "Babu, jaji hajasema Yohana ameiba ng'ombe. Amesema rufaa imeletwa muda umepita, hana mamlaka ya kuisikiliza. Sasa tuombe kuongezewa muda. Mlichelewa kwa nini?"

"Mimi nichelewe? Tulishapatana na mwenye ng'ombe! Nimetoa mtamba, tumekula mbuzi pamoja, wazee wakasema yameisha. Kule kwetu nikisema mimi, kesi imefungwa."

"Imefungwa kwenu, babu. Gereza nalo limefungwa, na Yohana yumo ndani."

Binti ana mdomo huyu.

Yohana alikuwa akipiga mluzi, ng'ombe wa plau wanageuka wenyewe. Msimu huu nimepiga mimi. Wamenitazama tu. Ule mluzi wake jamani...

Kesho nakula kiapo cha mahakama, niandikiwe humo sababu ya kuchelewa. Jaji asiponiamini, amuulize Mzee Nzunda, mwenye ng'ombe mwenyewe, amekubali kusema kwamba tulipatana. Na akitaka kujua nyumba hii inavyomngoja Yohana, amuulize mama yake. Mpaka leo jioni amempakulia ugali, akaufunika.