Mazoezi ya Baba Luisa

Baba Luisa,

Dagaa wako wa usipa nimewafunika kwa kawa, nimewachemsha bila mafuta kama daktari alivyosema. Mkate wa ndizi bado uko kwenye sufuria. Ukianza kunukia, ondoa mkaa wa juu ya mfuniko. Mkate huo ni wa watoto. Sukari nimeiweka ~~kabatini~~... Chai yako kunywa hivyohivyo.

Ulipoingia kuoga jasho lako la mazoezi, dada Asteria alileta kofia yako. Anasema umeisahau kwenye kiti, pale ulipokuwa unamalizia mihogo. Nikamuuliza, mihogo ipi? Akashangaa kwamba sijui. Kumbe kila asubuhi unakimbia mpaka kwake, unawakuta wanakula, wanasema karibu, unakaribia. Ukitoka hapo unakimbia mpaka kwa mzee Hamphrey, nako wanakunywa chai. Kukataa chakula cha watu ni dharau, najua, na mimi nimezaliwa hukuhuku ziwani. Lakini mwenye nia ya kupungua angepita njia ya makaburini. Kule hakuna wa kumkaribisha.

Mimi mwezi mzima nakula na wewe mboga za kuchemsha ili usijione mpweke! Suruali yako ilipokataa kufunga, nikamgombeza Luisa kwamba ameifua kwa maji ya moto mpaka ikarudi. Akirudi kutoka shule, mwombe radhi. Wewe, siyo mimi.

Nimevaa raba za Luisa. Nakwenda kukimbia, njia yako ileile. Nimeondoka na njaa makusudi.

Mama Luisa