Kahawa Kidogo katika Asali ya Mutua

Thika, Jumatano, Juni 1957. Baridi, na manyunyu tangu alfajiri.

Leo nimekataa kutia sahihi.

Mzee Mutua, mfuga nyuki wa Kalimoni, amekuwa rumande tangu wiki jana. Mwenye shamba la kahawa huko Ruiru anadai asali aliyokamatwa nayo imeibwa kwenye mizinga ya shamba. Polisi wakatuletea maabara chupa mbili, ya Mutua na ya shamba. Kwa macho na kwa ulimi, huwezi kuzitofautisha.

Nikayeyusha kila asali kwa maji ya uvuguvugu, nikaizungusha kwenye mashine mpaka chavua, ile poda ya maua, ikatulia chini ya mrija. Nikaweka tone juu ya kioo, nikatia rangi nyekundu, nikainamia hadubini. Kando nilikuwa na vioo vya maua niliyochuma mwenyewe, ili nilinganishe. Chavua ya mgunga, mti wa miiba uliojaa kule Kalimoni, huwezi kuikosea: imeshikana kama mpira ulioshonwa vipande vipande.

Asali ya shamba ilijaa kahawa. Ya Mutua ilijaa mgunga, kahawa moja moja tu hapa na pale.

Bwana mkubwa wetu akaja kutazama. Kazi hii anaijua kuliko mimi, ndiye aliyenifundisha. Akapiga taipu mstari mmoja, kwamba asali ya Mutua ina chavua ya kahawa, na kunisogezea kalamu.

"Njoroge, andika jina hapa. Kahawa iko. Si iko kweli?"

"Iko, bwana. Lakini mgunga ndio mwingi."

"Hawakuuliza mgunga."

Hilo ndilo lililoniuma. Hakutaka niseme uongo. Alitaka nusu ya ukweli, ile nusu inayomfunga mtu. Nyuki wa Kalimoni huruka popote penye maua, hakuna seng'enge ya kuwazuia.

Niliogopa. Siku hizi za hali ya hatari, Mkikuyu akimbishia Mzungu hajui atalala wapi, na nyumba tunayoishi na mke wangu ni ya kazi. Hata hivyo nikairudisha kalamu mezani.

"Basi kesi ni leo, nenda useme mwenyewe kortini," akasema. Alidhani nitanywea.

Nikafunga hadubini, vioo na chupa zote mbili nyuma ya baiskeli, nikaenda. Hakimu alitazama vioo vyote viwili, akaniuliza maswali, akatazama tena. Mchana Mutua akaachiliwa. Hakunishukuru. Aliuliza tu, "Asali yangu iko wapi?" Nikampa chupa yake, nikacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Niliporudi nilikuta maabara imefungwa kwa kufuli nisilolijua. Hakuna aliyetoka kunieleza.

Mke wangu ameanza kufunga vyombo. Nimemwambia aviache.

Asubuhi nitavaa koti langu jeupe nisimame mlangoni pale. Anayetaka kunifukuza aje aniambie usoni, na aseme sababu kwa sauti, wenzangu wote wakisikia.