Kiatu Ulichokataa Kuvua

Papa,

Leo nimemwona mwenzako. Yuko hai. Nilikuwa Misiera nanunua chumvi, na kwenye televisheni ya dukani wakaonyesha familia ya Malkia wa Uingereza imejipanga kwenye roshani ya jumba lao. Yeye alikuwa pale pale pa siku zote, nyuma ya wengine, amezeeka, fimbo mkononi. Nusura nigeuke nikuite uje kumwona.

Unakumbuka ulivyompata? Alikuja kwenye gazeti lililofungia mandazi. Ukamnyoosha kwa kiganja, ukambandika ukutani kwetu Rubondo, humu kambini, kwa ugali wa jana. Binamu wa Malkia tu, mtu ambaye nadhani hata Waingereza humsahau. "Ule njo mwenzangu," ulituambia. "Alizaliwa karibu ya kiti, lakini hatakikalia." Nawe ulikuwa mtoto wa mke wa mwisho wa mwami wetu, mtawala wa jadi huko milimani Kivu ya Kusini, Kongo, kabla vita havijatutupa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kila habari yake redioni uliinasa. Ulimjua mkewe, ukawajua watoto wake watatu, na yule wa pili aliyeajiriwa kuuza nyumba za watu. "Mwana ya mwami anaajiriwa!" ulisikitika, nawe umetoka kulima kibarua, tope hadi magotini. Tulicheka mpaka Mama akatukemea.

Kisha siku moja redio ikasema amelazwa, anapasuliwa nyonga. Uliizima palepale. "Banamutangaza sawa mbuzi ya ku soko!" ukasema, ukambandua ukutani. Baadaye zikaja habari kwamba ametoka hospitali, anatembea kwa fimbo. Nilikwambia amepona. Hukumrudisha ukutani.

Kwa sababu mtu wa nyumba ya mwami haugui. Ndivyo tulivyolelewa. Homa ikimshika, tunasema amechoka. Akifa, tunasema amevuka. Kule milimani mwiko huo ulikuwa na maana yake: watu wakisikia nyumba ya mwami ina mgonjwa, adui anapanda mlima usiku huohuo. Lakini Rubondo, Papa? Nani alikuwa anatuvizia Rubondo? Kiti chetu kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, na mguu mmoja ulikuwa wa kuazima.

Ulianza kunywa maji bila kiasi. Bahati, mdogo wangu, alikuwa akirudi kutoka kisimani na kidumu, nawe unakiinamia kabla hajakitua. Ukakonda. Halafu ukaanza kulala na viatu, na nyumba ikaanza kunuka, na sote tukajifanya hatuna pua. Tulikufikisha hospitali ya Mbarara kwa hila: Mama alidai macho yake yana ukungu, na kwamba hawezi kwenda mji wa watu bila mume. Ukakubali, maana ulimpenda.

Mbele ya muuguzi nilishindwa kuvumilia. Nikasema yote, maji, mguu, harufu. Mama akanifinya mkono hadi ngozi ikabadilika rangi. Muuguzi, dada mwenyeji wa Kinyankore mwenye sauti ya upole, akakuinamia. "Mzee, nini nasumbua wewe? Toa kiatu, mimi naangalia."

"Njo namna gani, mutoto?" uliniuliza mimi, si yeye. "Miye si mugonjwa. Ninachoka tu. Na mutu ya nyumba ya mwami havulake kiatu mbele ya batu."

Ukasimama. Ukatembea chumba kizima, kwenda na kurudi, mgongo umenyooka, juu ya mguu ule uliokuwa unaoza. Hukuchechemea hata kidogo. Ukachukua kofia yako, ukatoka nje. Sijawahi kukuona unapendeza kama siku ile, na sijawahi kukuchukia hivyo.

Mazishini watu wa kanisa walimuuliza Papa mkubwa, kaka yako, umekufa kwa ugonjwa gani. "Alichoka," akajibu, na mchungaji akaipokea hivyohivyo katika sala. Nilitaka kupiga kelele. Nilitia udongo, nikaitikia amina.

Sasa sikia kilichoniketisha kuandika. Mwaka huu Bahati ameanza kunywa maji. Ana mke, ana mtoto anayetambaa, naye alikuwa amejifunza kwako kulala na viatu. Nilipomuuliza akasema amechoka.

Nilimkokota hadi hospitali ya Ruharo. Daktari akauliza kama wazazi wetu wazima. Bahati akasema Papa alivuka. Nikasema, "Baba yetu alikuwa na sukari. Mguu ulioza, akaficha, akafa." Sukari nilijifunza baadaye, kwa kuulizauliza, wewe hukutuachia hata jina la ugonjwa wako. Bahati aliniangalia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nilimwambia, "Unichukie kama unapenda. Lakini vua."

Aliinama. Akafungua kamba za kiatu, akalia kwa sauti mbele ya watu.

Wamemkata vidole viwili vya mguu. Jana alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, anachechemea, kila mtu anamwona. Mtoto wake alimfuata nyuma akitambaa.

Papa, nakupenda, na bado nina hasira nawe. Hukuchoka. Hukuvuka. Uliugua, ukafa. Lala salama.

Binti yako mkubwa,
dada yake Bahati