Kengele Iliyolia Yenyewe

Mwanangu kipenzi,

Huku tunaendelea. Dada yako amepata kazi ya kushona, na kanisa letu limepakwa chokaa, linang'aa. Kasisi mpya anakusanya historia ya kanisa hilo. Bibi yako alimsimulia jinsi baba yake alivyobeba mawe ya ukuta ule kichwani, na jinsi kengele inavyolia yenyewe muumini wetu akifia ugenini.

Kasisi akacheka. "Bibi, huo ni upepo tu."

"Basi upepo huo unatujua," bibi akamjibu.

Mwanangu, juzi ililia. Nilikuwa nafagia humo ndani, na kamba niliiona imetulia kabisa. Kila nyumba imewapigia simu watu wake, wote wazima. Umebaki wewe, na simu yako haipatikani. Majirani wananisalimia kwa sauti ya chini.

Jumapili wanataka jina lako lisomwe pamoja na marehemu. Nimekataa. Nimemwambia kasisi kwamba yeyote atakayelisoma nitamzibia mdomo kwa mkono wangu, madhabahuni hapo hapo.

Niandikie, baba, hata kama bado umeninunia.

Ni mimi mama yako, ambaye sijavaa nyeusi.